Kuivizia Kesho Ndotoni: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali huwa ni yale yale matatu. La kwanza: "Nimeota kadha wa kadha, maana yake nini?" La pili: "Niliota kitu juzi na leo kimetokea, je, nina kipaji?" La tatu hunijia kila Simba na Yanga zinapokaribia kukutana: "Nikiota matokeo, niweke mkeka wa kubeti?" Nimeyajibu kwenye daladala la Mbagala, nimeyajibu saluni kichwa kikiwa ndani ya draya, na mara moja nimeyajibu msibani, mahali ambapo kwa kweli hapakustahili. Leo nayaandika yote, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

La kwanza silijibu. Anayetaka kuambiwa kwamba nyoka ni adui, kinyesi ni pesa na harusi ni msiba, kila mtaa wa Dar una bibi anayeyajua hayo kuliko mimi, tena hatozi senti. La pili na la tatu yana jibu moja: lete daftari. Kama ndoto hukuiandika kabla ya tukio, hatuna cha kuzungumza. Sisemi unadanganya. Kumbukumbu ni fundi cherehani: akishaliona tukio, anaishona ndoto ilingane nalo, na wewe mwenyewe utaapa kwamba nguo ilikuja hivyo hivyo.

Basi hapa hatutafsiri ndoto. Tunainasa ikiwa bado ya moto, tunaifunga kwa tarehe, tunaiacha siku ije yenyewe, halafu tunalinganisha.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kauntabuku moja. Si karatasi za kuchanachana. Kurasa zilizoshonwa haziruhusu mtu kuchomeka ndoto mpya nyuma ya tukio, na mtu wa kwanza utakayetaka kumdanganya ni wewe mwenyewe.
- Kalamu mbili. Moja ifunge uzi kwenye kitanda. Kalamu huanguka uvunguni saa kumi alfajiri, na ukishashuka kuitafuta ndoto imeondoka.
- Simu ya kitochi kwa ajili ya kengele na mwanga hafifu. Simu janja iache sebuleni. Nitaeleza kwa nini.
- Chandarua kizima. Unacheka, lakini mbu mmoja anatosha kuvuruga wiki nzima ya kazi.
- Msiri mmoja. Awe mtu anayeweza kupokea ujumbe wako, asiujibu, asiufute, asimsimulie mtu. Mara nyingi si mume wala mke.
- Majuma mawili yasiyo na zamu za usiku.

Ubani, pete, mafuta ya kujipaka usoni na "dawa ya kuota" havimo kwenye orodha. Akitokea mtaalamu wa kukufungulia ndoto naye anataka umtumie fedha "na ya kutolea", mjue huyo: utabiri wake pekee unaotimia ni kwamba salio lako litapungua.

Hatua kwa hatua

1. Panga usiku wako kwa kuanzia mwisho. Ndoto ndefu zenye hadithi hazitokei sana mwanzo wa usingizi. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza usingizi ambao macho huchezacheza chini ya kope, unaojulikana kwa kifupi kama REM. Huja kwa mizunguko ya kama dakika 90, na kila mzunguko unavyosogea alfajiri sehemu hiyo hurefuka. Ukilala saa nne usiku, mavuno yako yapo kati ya saa tisa na saa kumi na mbili asubuhi. Wazee wanaosema ndoto ya alfajiri ndiyo ya kuangaliwa, kwenye hili la muda hawakukosea.

Kwa hiyo tega kengele saa kumi na nusu. Wengi wetu hatuihitaji: adhana ya alfajiri inatosha, na kama unaishi karibu na msikiti umeshapata saa ya bure. Ukipenda, kunywa glasi ya maji kabla ya kulala. Kibofu kitakuamsha bila kelele. Pombe usiguse siku hizo. Hukandamiza usingizi wa ndoto nusu ya kwanza ya usiku, kisha hukuletea vurugu asubuhi.

2. Lalia swali, ukitaka. Hili ni la hiari. Andika kichwani mwa ukurasa mpya swali moja fupi: "Nini kitanishangaza Alhamisi?" Usiandike "Je, nitapata kazi?" Swali la ndiyo au hapana utalipata sahihi nusu ya mara hata ukirusha shilingi. Na swali unalolililia moyoni huleta ndoto ya kile unachokitamani, yaani ndoto za Alinacha zikiwa zimevaa kanzu ya utabiri.

Kwa Waislamu wenzangu wanaoniuliza kuhusu istikhara: ile ni sala ya kumwomba Mwenyezi Mungu akuchagulie lenye kheri, na wanazuoni wanasema kuota si sharti lake. Usiigeuze kuwa mtambo wa majaribio haya.

3. Ukiamka, usitikisike. Hapa ndipo wanaoanza wanapopoteza karibu kila kitu. Baki ulivyo, ubavu ule ule, macho yamefumbwa. Usijiulize "leo ni siku gani?" wala usianze kukumbuka kama umemlipa mwenye duka. Shika picha ya mwisho uliyoiona, hata kama ni kiatu tu, kisha uliza: kabla ya kiatu palikuwa na nini? Ndoto huvutwa kwa mkia. Ukijaribu kuianzia kichwani haitoki.

Sasa unaelewa kwa nini simu janja iko sebuleni. Jumbe tatu za kikundi cha ukoo, mmoja anachangisha, mwingine ametuma picha ya maua ya asubuhi njema, na ndoto yako imekwisha.

4. Andika vitu, acha maana. Tarehe, saa, halafu vitu: nani, wapi, rangi gani, namba gani, neno gani lilisemwa. Chora kama unaweza. Ona tofauti hii.

Mbaya: "Nimeota balaa linakuja kazini."

Nzuri: "Niko kwenye ngazi za ghorofa nisilolijua, ukuta wa kijani. Mwanamke mwenye ndoo nyekundu ananiambia 'lifti imekula mtu.' Namba 7 mlangoni. Nacheka."

Ya kwanza itatimia wiki yoyote ile, maana kazini hapakosi balaa. Ya pili itatimia au haitatimia.

Namba ziandike kwa tarakimu, na zisome tena ukiwa macho kabisa. Nina sababu. J. W. Dunne, mhandisi wa ndege wa Uingereza ambaye kitabu chake cha mwaka 1927 ndicho kilichowafanya watu wengi waanze kuweka daftari kama hili, alikuwa askari Afrika Kusini mwaka 1902. Akaota yuko kisiwani, ardhi inatoa mvuke, naye anahangaika kuwaomba maofisa wa Kifaransa meli za kuokoa watu 4,000. Gazeti lilipofika kambini likaeleza mlipuko wa volkano ya Pelée huko Martinique, kisiwa cha Wafaransa, na idadi ya waliokufa. Dunne akasoma 4,000, akashtuka. Miaka kadhaa baadaye, aliponakili habari ile, ndipo akaona gazeti lilikuwa limeandika 40,000. Namba ya ndoto ililingana na kosa lake la kusoma, si na gazeti, wala si na makaburi, maana waliokufa walikuwa kama 28,000. Yeye akahitimisha kwamba alikuwa ameiota siku yake mwenyewe ya kusoma gazeti. Mimi huisimulia hadithi hii kwa sababu nyingine: ona sifuri moja ilivyokaa miaka yote hiyo bila mtu kuiona.

5. Toa makombo ya jana. Chini ya ndoto andika kila kilichotoka katika siku zako mbili tatu zilizopita. Ndoo nyekundu: ya jirani, niliiona jana. Ghorofa: taarifa ya habari. Kinachobaki baada ya kuondoa makombo ndicho cha kukifuatilia. Siku nyingi hakibaki kitu, na hilo ni jibu pia, liandike.

6. Andika utabiri wenye meno na siku ya mwisho. Sentensi moja: "Ndani ya siku 14 nitasikia au kuona habari ya lifti na mtu, pakiwa na namba 7 au kijani." Bila siku ya mwisho, ndoto yoyote hutimia, maana maisha ni marefu.

Jiulize pia jambo hilo lina uzito gani kwa hapa kwetu. Ukiota mafuriko Jangwani mwezi Aprili, hujaota kesho, umeota kalenda. Yaote Agosti, hapo tutaongea. Ukiota umeme umekatika, au umesimama kwenye mwendokasi Kimara hadi Kivukoni, tafadhali usipoteze wino. Na tarehe 5 Novemba 2023, kabla Yanga haijamfunga Simba 5–1, naamini walikuwepo walioota Yanga inashinda. Upande mmoja au mwingine lazima watu waote. Mwenye "5–1" kwenye kauntabuku, kwa wino, kwa tarehe ya kabla, huyo ndiye ningependa nimnunulie chai.

7. Funga. Soma utabiri wako na umtumie msiri kwa ujumbe, maneno yale yale. Ujumbe unabeba tarehe na saa ambazo huwezi kuzigeuza. Hapo ndipo unaposhika simu janja, si kabla. Msiri asijibu hata "mmh". Mmh yake itakufanya uanze kuutetea utabiri, na anayeutetea utabiri ataona unatimia kila kona.

8. Kagua kila jioni kwa siku 14. Usitafute tukio. Ishi siku yako, kisha jioni fungua kurasa za siku 14 zilizopita, pitia haraka, dakika kumi zinatosha. Ukipata kinachofanana, andika tukio kwenye ukurasa ule ule kwa kalamu ya rangi nyingine pamoja na tarehe. Usiguse maneno ya ndoto. Hata herufi.

Ninatumia alama tatu. "M" ni makombo. "H" ni huenda: kuna mfanano, lakini mtu mwenye akili timamu angeweza kubashiri. "L" ni imelenga: iliandikwa kabla, ina angalau mambo mawili ya ajabu yaliyolingana, sikuwa na njia ya kujua, na ilikuja ndani ya siku zake. Sharti moja likikosekana inashuka kuwa H. Usijionee huruma. Mwaka wangu wa kwanza nilijaza ndoto mia mbili na kitu. Nilikuwa nimeshajigawia L tisa. Dada yangu, ambaye ni mhasibu na hana mzaha na vitabu vya hesabu, aliketi na daftari jioni moja akaniachia mbili.

9. Hesabu zilizokosa. Hii ndiyo hatua ambayo hakuna anayeitaka. Kila mwisho wa mwezi andika: ndoto ngapi, tabiri ngapi, M ngapi, H ngapi, L ngapi. Mbili kati ya mia mbili si sawa na mbili kati ya tatu, na msimuliaji wa kijiweni hakuambii chini ya mstari kuna ngapi.

Fanya na hesabu hii ya mji. Sensa ya 2022 ilikuta zaidi ya watu milioni 5.3 mkoa wa Dar es Salaam. Chukulia kila mmoja ana ndoto nne kwa usiku: ni zaidi ya ndoto milioni 21 kati ya Bunju na Chanika kabla jua halijachomoza. Tuseme basi ni moja tu katika milioni inayolingana na tukio la kesho yake kwa bahati tupu. Kila asubuhi watu ishirini na mmoja wa Dar wataamka na ndoto ya kutisha mwili. Ishirini na mmoja hao watasimulia maisha yao yote. Waliobaki watakwenda kazini. Kabla ya kujiita mwenye kipaji, onyesha kwamba wewe unarudia.

Ukiota jambo baya

Hapa niende taratibu, maana watu huumia.

Mafunzo ya Kiislamu kuhusu ndoto mbaya ni mepesi na mimi nayafuata: omba kinga kwa Mungu, tema mate kidogo kushoto mara tatu, geukia ubavu mwingine, usimsimulie mtu. Hata asiye Mwislamu atapata faida kwenye hilo la mwisho. Ndoto ya kifo cha mtu usimpelekee mwenyewe. Iandike, na ikae. Hata msiri, kama ni ndugu wa mtu huyo, usimtumie.

Kuhusu kuchukua hatua, kipimo changu ni gharama. Ikiwa tahadhari ni ya bure au ya bei ndogo, ichukue bila kujiuliza ndoto imetoka wapi. Niliwahi kuota jiko langu la gesi linanong'ona, jambo la kipuuzi kabisa. Asubuhi nikapaka povu la sabuni kwenye mpira. Likatoa mapovu, mpira ulikuwa umepasuka karibu na regyuleta. Nilitaka sana kuipa L. Dada mhasibu akauliza kama jikoni hapakuwa na harufu jana yake. Palikuwa nayo, kidogo, nikadhani ni takataka. Pua yangu ilijua kabla yangu, na usiku ikaniambia. Nikaandika H, nikanunua mpira mpya.

Tahadhari ikiwa ya gharama kubwa, yaani kuacha kazi, kuvunja uchumba, kuuza kiwanja, kuweka mkeka wa ada ya mtoto, ndoto peke yake haitoshi. Kwa mkeka jibu langu ni hapana, leo na msimu ujao. Ikiwa huwezi kuonyesha L za matokeo mfululizo kwenye daftari, unabeti kama mwenzako aliyelala bila kuota.

Na usimtaje mtu. Nyumba moja ninayoifahamu, dada wa kazi alifukuzwa kwa sababu mama mwenye nyumba alimwota anachukua dhahabu. Hereni zilikutwa wiki ya pili kwenye mfuko wa dera. Dada alikuwa ameshapanda basi. Kumtuhumu mtu uchawi kwa sababu umemwota ni hatari zaidi, na pia ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, Sura ya 18. Mahakamani daftari lako halitakuwa ushahidi dhidi yake; litakuwa dhidi yako.

Mambo yakikwama

*"Mimi siotagi."* Unaota, hukumbuki. Sogeza kengele dakika ishirini mbele au nyuma ikukute katikati ya ndoto. Andika hata "hakuna, nilihisi baridi". Wengi huanza kushika vipande ndani ya wiki moja.

*"Naandika, asubuhi siwezi kusoma mwandiko wangu."* Rekodi sauti kwenye simu ya kitochi kama inaweza, kisha nakili ukiamka, siku hiyo hiyo. Ukikaa nayo siku tatu utanakili kingine.

*"Naamka siwezi kusogea, kuna kitu kimenikalia kifuani."* Hilo ni jinamizi. Akili imeamka, mwili bado umefungwa na usingizi wa ndoto, ambao kwa kawaida hulegeza misuli ili usiigize unachoota. Jaribu kuchezesha kidole cha mguu, pumua taratibu, litapita. Huja zaidi kwa aliyechoka na anayelala chali. Likikurudia usiku baada ya usiku, simamisha majaribio ulale vya kutosha, na likiendelea mwone daktari.

*"Ndoto zimekuwa kali ghafla, nyingi, za kutisha."* Angalia homa kwanza, pima malaria. Angalia na dawa: mefloquine ya malaria na efavirenz ya VVU zinajulikana kwa ndoto za aina hiyo. Usiache dawa yako kwa ajili ya daftari hili; mweleze aliyekuandikia.

*"Kila kitu kinatimia!"* Tabiri zako hazina meno. Rudi hatua ya 6. Mpe daftari mtu asiyekupenda sana asome.

*"Nachoka, mchana nasinzia ofisini."* Fanya usiku mbili kwa wiki, Ijumaa na Jumamosi, uweze kulala tena baada ya kuandika.

*"Nimeota kitu leo, sikuandika, na jioni kimetokea."* Pole. Haihesabiki. Najua inauma, yangu iliyo nzuri kuliko zote ni ya aina hiyo na haimo popote.

*"Nimepata L ya kweli, nifanyeje?"* Piga picha ukurasa, mwombe msiri apige picha ujumbe wake, andika tukio kwa ile kalamu ya rangi nyingine. Kisha endelea na daftari lile lile mpaka ukurasa wa mwisho. Usinunue jipya ili uanze na namba nzuri.